Alloco, kelewele, boli, ampesi, foutou au tatale: ndizi uliyonayo inafaa pishi lipi?

Anayetaka kupika nyumbani vyakula vya ndizi vya Afrika Magharibi hukwama mapema, kabla hata jiko halijawashwa, kwa sababu majina ni mengi na picha zake karibu zote zinafanana: vipande vya rangi ya dhahabu, pilipili pembeni, samaki juu. Alloco ya Côte d'Ivoire, dodo ya Nigeria na kelewele ya Ghana zikiwekwa katika sahani moja, mgeni anaweza kudhani ni chakula kimoja kilichopewa majina matatu. Zikiongezwa boli inayochomwa, ampesi ya Ghana inayochemshwa, foutou na fufu zinazotwangwa, na tatale, ya Ghana pia, inayopondwa kisha kukaangwa, si ajabu msomaji akafunga ukurasa na kurudi kwenye mapishi aliyoyazoea.

Wengi huanza kwa kuchagua pishi, halafu wanakwenda sokoni kutafuta ndizi. Katika kaya nyingi za Kumasi, Ibadan au Bouaké mambo huenda kinyume chake. Mkungu huingia nyumbani ukiwa mbichi, na kadiri ganda linavyobadilika rangi ndivyo chakula kinavyobadilika: za kwanza huchemshwa au kutwangwa, zinazofuata huchomwa, kisha hukaangwa, na zile zilizolainika mno hupondwa. Ndizi ndiyo inayoamua, na mpishi anayelielewa hilo hapotezi ndizi wala hahangaiki na pishi lililokataa kutokea.

Ndizi yenyewe kwanza

Mapishi yote yanayolinganishwa hapa hutumia ndizi za kundi moja, zile ndefu zenye kona kwenye ganda na nyama ngumu ya rangi ya njano au inayokaribia chungwa. Katika pwani ya Tanzania na Kenya ndizi hizo ni mzuzu, na zile kubwa zaidi zenye vidole vichache katika mkungu ni mkono wa tembo. Uganda ni gonja, na Wakongo wengi huziita makemba. Waghana hutofautisha apantu, yenye vidole vichache vinene, na apem, yenye vidole vingi na vidogo zaidi, ambayo wapishi wengi huitenga kwa ajili ya kuchemsha. Msomaji aliyeko Ulaya atazipata katika maduka ya vyakula vya Kiafrika na vya Karibi, na aliyeko Muscat au Dubai anaweza kutumia nendran, ndizi ya Kerala inayouzwa katika maduka ya Wahindi na ambayo ni ya jamii hiyo hiyo.

Ndizi za Bukoba, yaani matoke, ni za kundi jingine, la nyanda za juu za eneo la Maziwa Makuu. Mbichi zake hulainika upesi zikichemshwa, na mbivu zake hazina ugumu unaohitajika katika karai. Zinaweza kuvumilika katika ampesi, ingawa matokeo yatakuwa laini kuliko inavyotakiwa, lakini kwa alloco, kelewele au boli hazifai, na ni afadhali kusubiri mzuzu kuliko kulazimisha.

Hatua za kuiva ni za kuangalia kwa makini kwa sababu ndizo zitakazotajwa mara kwa mara hapa chini. Ndizi mbichi ina ganda la kijani lisilomenyeka kwa vidole, na nyama yake ni wanga mtupu. Inayoanza kuiva ina ganda la njano lenye kijani kwenye ncha, nayo bado inakataa kubonyea. Mbivu ina njano kamili na madoa meusi. Iliyoiva sana ina ganda linalokaribia kuwa jeusi lote, lakini nyama yake bado inashikana inapokatwa. Iliyopitiliza hupondeka kwa uma. Safari hiyo yote ni ya wanga kugeuka kuwa sukari, na sukari ndiyo inayoipa ndizi ya kukaanga rangi ya kahawia na pia ndiyo inayoungua mpishi akizubaa. Ukiweka ndizi mbichi katika jokofu utauvuruga mwendo huo, kwa hiyo ziache ziive mezani, kisha zile zilizofikia hatua unayoitaka ndizo uziweke kwenye baridi kwa siku mbili tatu.

Vigezo vya ulinganisho

Kila pishi litapimwa kwa mambo matano: hali ya ndizi linayoidai, kazi na muda wa kulipika, mafuta na vyombo, kile linacholiwa nacho, maana mengi kati ya haya hayajakamilika bila kitoweo chake, na mwisho, mtu ambaye pishi hilo linamfaa. Sikuweka ladha kuwa kigezo cha kushindanisha. Mtu anayependa utamu wa alloco na mtu anayependa ukavu wa ampesi wote wako sahihi, na hakuna mizani ya kuwaamulia.

Alloco na dodo: ndizi mbivu ya kukaanga

*Hali ya ndizi.* Mbivu yenye madoa meusi. Ikiwa ya njano tupu itatoka ngumu na yenye utamu hafifu, na ikiwa nyeusi kabisa itanyonya mafuta na kuchanika.

*Kazi na muda.* Hili ndilo pishi jepesi kuliko yote, na robo tatu ya saa inatosha kwa chakula cha watu 4, pamoja na kumenya. Dodo kwa kawaida hukatwa kwa mshazari, vipande vya unene wa sentimita 1 hivi, au vipande vidogo vya pembe nne. Alloco hukatwa miduara au nusu miduara. Chumvi hunyunyizwa kidogo muda mfupi kabla ya kukaanga, si mapema, kwa sababu huvuta maji kutoka ndani ya ndizi, na maji hayo yataruka karaini.

Umakini wote uko kwenye mafuta. Yakiwa na joto la nyuzi 170 hadi 180 kipande hupokelewa na mapovu makubwa yenye kelele, ambayo ni maji yanayotoka katika ndizi. Baada ya dakika mbili hivi mapovu hupungua na kuwa madogo, na ukingo wa kipande huanza kuwa wa kahawia wakati katikati bado ni ya njano. Huo ndio wakati wa kugeuza. Mafuta yasiyopata moto wa kutosha huingia ndani badala ya kukaanga nje, na vivyo hivyo karai lililojazwa mno hupoa ghafla, hata kama moto ni mkali. Kaanga kwa awamu, na utoe vipande kabla rangi haijafika unakoitaka, maana huendelea kuwa vyeusi kwa muda mfupi vikiwa nje.

*Mafuta na vyombo.* Yanahitajika mafuta mengi, angalau ya kufunika nusu ya kipande. Alloco ya asili hukaangwa kwa mawese, ambayo huipa rangi nyekundu na harufu nzito, lakini siku hizi wengi hutumia mafuta ya mbegu yasiyo na harufu. Msomaji wa Kigoma au wa Rumonge, ambaye mawese kwake si kitu cha kuagiza, afanye kama walivyofanya wazee wa Abidjan. Karai na kijiko chenye matundu vinatosha.

*Huliwa na nini.* Abidjan alloco huandamana na samaki wa kuchoma na kachumbari au mchuzi mzito wa nyanya, vitunguu na pilipili, na eneo zima la wapishi wa nje katika mtaa wa Cocody lilipata umaarufu kwa jina la Allocodrome. Nigeria dodo huwekwa kando ya wali wa jollof, maharage au mayai, na huchanganywa pia na firigisi za kuku katika mchuzi wa pilipili, pishi liitwalo gizdodo. Ghana huiweka juu ya kunde zilizopikwa kwa mawese na kuiita red red. Kwa jiko la Afrika Mashariki, ambako kunde ziko kila soko, huo wa mwisho ndio mlo kamili ulio rahisi kuliko yote, na ninaupendekeza kwa anayetafuta chakula cha jioni kisicho na nyama.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye watoto, na mwenye muda mfupi. Haimfai anayepunguza mafuta au sukari.

Kelewele: ndizi iliyoiva sana, yenye viungo

*Hali ya ndizi.* Iliyoiva sana, ganda likiwa karibu lote jeusi, ila isiwe imepitiliza. Kelewele hutegemea utamu mkali unaokutana na ukali wa tangawizi na pilipili, na ndizi isiyoiva vya kutosha huuacha ukali huo peke yake.

*Kazi na muda.* Inazidi alloco kwa hatua moja, nayo ndiyo inayobeba pishi lote. Tangawizi mbichi husagwa pamoja na kitunguu, pilipili na chumvi. Wengine huongeza karafuu. Pilipili mbuzi hufaa sana kwa sababu ina harufu pamoja na ukali. Vipande, ambavyo hukatwa vidogo na kwa mshazari ili viwe na pembe nyingi za kukaukia, hupakwa rojo hilo na kuachwa dakika 15 hivi. Kuviacha saa nzima kunaviharibu kwa sababu ile ile ya chumvi na maji. Kabla ya kukaanga, nyanyua vipande na uache rojo la ziada bakulini, kwani mabaki ya tangawizi yakibaki katika mafuta huungua na kuleta uchungu.

*Mafuta na vyombo.* Sawa na alloco, na hapa mafuta yasiyo na harufu ni bora ili viungo visikike. Mafuta yaliyotumika yatabaki na harufu ya tangawizi, basi usiyarudishe katika chupa ya mafuta ya chapati. Anayetaka kuokoa mafuta anaweza kuoka vipande katika joto la nyuzi 200 kwa dakika 25 hivi, akivigeuza mara moja; vitakuwa vitamu, ingawa ganda lile kavu la nje litapungua.

*Huliwa na nini.* Accra kelewele ni chakula cha jioni cha mitaani, kinachouzwa na akina mama wenye karai na taa, na mwenzake ni karanga za kukaanga. Hiyo ni asusa kamili. Inaweza pia kukaa kando ya kunde au wali, lakini viungo vyake vinataka nafasi, na mchuzi wenye viungo vingi utagombana navyo.

*Inamfaa nani.* Anayekaribisha wageni, anayependa pilipili, na mwenye ndizi zilizoanza kumkimbia. Watoto wadogo huikataa, isipokuwa pilipili ipunguzwe sana.

Boli: ndizi ya kuchoma

*Hali ya ndizi.* Inayoanza kuiva hadi mbivu ya njano isiyo na madoa mengi. Hapa kuna uhuru kidogo. Mbichi kabisa huchomeka pia, lakini hukauka na kuhitaji mchuzi wa kuiteremsha.

*Kazi na muda.* Kumenya, kupasua kidogo kwa urefu, na kugeuza kwa subira juu ya makaa yaliyotulia kwa dakika 20 hadi 30. Moto wenye ndimi hauichomi bali huiunguza: nje huwa nyeusi na ndani hubaki na ubichi unaoganda kwenye meno. Msomaji wa Kampala aliyezoea gonja ya barabarani, au wa Dar es Salaam anayenunua ndizi za kuchoma pamoja na mishikaki, tayari anajua kazi hii, na sina la kumwongezea.

*Mafuta na vyombo.* Hakuna mafuta, au ni ya kupaka tu. Wavu na jiko la mkaa ndivyo vinavyofaa zaidi. Oveni huweza kusaidia, ila harufu ya moshi haitakuwepo.

*Huliwa na nini.* Lagos huliwa na karanga. Ghana vilevile, nayo hupewa jina la utani la Kofi Brokeman kwa sababu hushibisha kwa fedha kidogo. Port Harcourt, kusini mwa Nigeria, ambako huandikwa bole, ni mlo mzito zaidi: ndizi na samaki wa kuchoma, pamoja na mchuzi wa mawese, pilipili na vitunguu unaomwagiwa juu. Kwa yeyote aliye karibu na samaki wabichi, mtindo wa Port Harcourt unastahili kujaribiwa kabla ya ule wa karanga.

*Inamfaa nani.* Anayepunguza mafuta, mwenye jiko la mkaa uani, na mwenye bajeti ndogo. Anayeishi katika fleti isiyo na roshani atapata nusu tu ya raha yake.

Ampesi: ndizi mbichi ya kuchemsha

*Hali ya ndizi.* Mbichi, ya kijani. Hata iliyoanza kugeuka njano kidogo itatia utamu ambao baadhi ya watu huupenda, lakini kitoweo chake kimetengenezwa kwa ndizi isiyo na sukari.

*Kazi na muda.* Kuchemsha ni dakika 20 hivi. Kinachochosha ni kumenya. Kata ncha mbili, pasua ganda kwa kisu kufuata kona zake, kisha liinue kwa kidole gumba. Paka mikono mafuta au menya ndani ya maji yenye chumvi, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi hutia madoa yasiyotoka kwenye nguo na kuacha vidole vyeusi. Ndizi iliyomenywa isikae hewani. Itumbukize majini hadi sufuria ichemke.

Kazi kubwa ni ya kitoweo, na hapo ndipo ampesi inapojitofautisha na ndizi zetu za kuchemsha, ambazo mara nyingi hupikwa pamoja na nyama na mchuzi wake katika sufuria moja. Ampesi huchemshwa peke yake, aghalabu pamoja na viazi vikuu au magimbi, na mchuzi hupikwa kando. Mchuzi maarufu ni wa kontomire, majani machanga ya jamii ya magimbi, ambayo hupondwa na kupikwa kwa mawese, vitunguu, nyanya, pilipili na samaki aliyekaushwa kwa moshi au kwa chumvi. Wengi huongeza unga wa egusi, mbegu za tunda la jamii ya tikiti, ili kuutia uzito.

*Mafuta na vyombo.* Ndizi haihitaji tone la mafuta. Mchuzi unahitaji mawese, na hapa sikubali mbadala. Mafuta mengine yatakupa mchuzi wa mboga mzuri tu, ila hautakuwa huu. Majani yanaweza kubadilishwa: mchicha hufanya kazi nzuri na hauna hatari. Ukitumia majani ya magimbi, yapike hadi yalainike kabisa, maana yakiwa hayajaiva huwasha koo. Badala ya egusi, mbegu za maboga zilizosagwa hutoa uzito unaokaribiana sana. Dagaa wakavu au kambale wa moshi humaliza kazi.

*Huliwa na nini.* Pamoja na kontomire kuna mchuzi wa karanga na ule wa mabilinganya, na yai la kuchemsha huwekwa pembeni. Ndizi hiyo hiyo iliyochemshwa ikipondwa kwa mawese na karanga huwa eto, chakula ambacho Waakan wa Ghana hukipika siku ya kuzaliwa na katika sherehe nyingine za kifamilia, mayai mazima yakiwa juu yake.

*Inamfaa nani.* Familia inayotaka mlo wa mchana wenye kushibisha, anayeepuka sukari nyingi, na aliyekulia kwenye ndizi za kupika. Haimfai anayetaka kula baada ya nusu saa.

Foutou na fufu: ndizi ya kutwanga

*Hali ya ndizi.* Fufu ya Ghana hutaka ndizi mbichi pamoja na muhogo. Foutou ya ndizi ya Côte d'Ivoire mara nyingi huchukua ndizi iliyoanza kuiva, nayo huchanganywa na muhogo kidogo ili ishikane, ndiyo maana huwa na rangi ya njano na utamu wa mbali.

*Kazi na muda.* Ni pishi gumu kuliko yote, na ningemdanganya msomaji kama ningesema vinginevyo. Ndizi na muhogo huchemshwa hadi vilainike kabisa, kisha hutwangwa vikiwa vya moto. Ni vyema kutwanga ndizi peke yake kwanza na kuiweka kando, kutwanga muhogo, halafu kuviunganisha. Kwa desturi hushirikiana watu wawili: mmoja anainua mchi, mwingine ameketi kando ya kinu akigeuza donge kwa mkono uliolowa maji baina ya pigo na pigo. Mwenye mkono huo hautazami mchi, hufuata mdundo. Usijaribu hivyo siku ya kwanza. Geuza donge mchi ukiwa umesimama.

Muhogo nao una masharti yake. Uwe mtamu, usiwe ule mchungu unaohitaji kuondolewa sumu, uwe umechimbwa karibuni, na mzizi wa katikati uondolewe. Kuna muhogo ambao hata ukichemshwa saa nzima hubaki mgumu kama nta, na huo hautwangiki. Donge lililo tayari ni laini, linavutika, halina chembe, na uso wake unang'aa.

*Mafuta na vyombo.* Mafuta hayahitajiki. Kinu kikubwa na mchi vinahitajika, na asiye navyo ana njia ya pili: kusaga ndizi na muhogo mbichi katika blenda kwa maji kidogo, kisha kusonga rojo hilo katika sufuria kwa mwiko imara, moto wa wastani, hadi libadilike rangi na kukaza. Mkono unaosonga ugali utaifahamu kazi hiyo mara moja, ingawa rojo hili hunata zaidi na linataka kunyunyiziwa maji kadiri linavyokaza. Matokeo hayafikii ya kinu kwa ulaini, lakini ni chakula cha heshima. Wengi walioko Ulaya na Marekani hutumia unga wa fufu wa paketi, ambao mara nyingi huwa na wanga wa viazi. Unafaa siku ya haraka.

*Huliwa na nini.* Lazima kuwe na supu. Ghana huiogesha katika supu ya karanga, ya ngazi za michikichi, au ile nyepesi ya nyanya na pilipili yenye nyama ya mbuzi. Côte d'Ivoire huikaribisha sana kwa sauce graine, mchuzi wa rojo la ngazi. Fufu humegwa kwa vidole vya mkono wa kulia, huchovywa na kumezwa bila kutafunwa, jambo linalowashangaza walaji wa ugali. Lakini ukiitafuna utaona kwa nini wenyewe hawafanyi hivyo, kwa kuwa hunata kinywani na kufunika ladha ya supu.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku nzima, mwenye msaidizi, na anayetaka kuingia ndani ya upishi wa huko badala ya kuonja juu juu. Hakuna pishi hapa linalofundisha mengi kuliko hili.

Tatale: ndizi iliyopitiliza

*Hali ya ndizi.* Ile laini ambayo wengine wangeitupa, mradi haina ukungu wala harufu ya kuchacha.

*Kazi na muda.* Ponda, changanya na kitunguu kilichokatwa vidogo sana, tangawizi, pilipili, chumvi na unga wa mahindi au ngano wa kuishikisha, acha dakika 20, kisha kaanga kama chapati ndogo za unene wa kidole. Unga ukizidi itakuwa nzito. Ukipungua itasambaratika unapogeuza. Kaanga moja ya majaribio kwanza.

*Mafuta na vyombo.* Mafuta kidogo, ya mawese ikiwezekana, na kikaangio bapa.

*Huliwa na nini.* Mwenzake wa asili ni aboboi, njugu mawe zilizochemshwa hadi zikalainika. Wasomaji wa Dodoma, Singida na magharibi mwa Kenya wanazo sokoni, na mlo huu unawahusu moja kwa moja. Ziloweke usiku kucha, kwa kuwa ni ngumu kuiva.

*Inamfaa nani.* Asiyetaka kutupa chakula, na anayetafuta kifungua kinywa kisicho mkate.

Uchague kulingana na hali yako

Ikiwa hujawahi kupika hata kimoja kati ya hivi na una jioni moja, nunua ndizi mbivu zenye madoa na upike alloco au dodo pamoja na kunde. Utajifunza kudhibiti mafuta, na ujuzi huo utakufaa katika kelewele na tatale baadaye.

Ikiwa unapika kwa ajili ya mtu anayehesabu sukari, baki kwenye ndizi mbichi, yaani ampesi au fufu, huku ukikumbuka kwamba bado ni wanga na kipimo cha sahani kina maana yake. Ushauri wa daktari wake utangulie maoni ya mpishi yeyote. Ikiwa shida ni mafuta wala si sukari, boli ndiyo yako, na inaweza kuliwa hata kila wiki bila kuchosha ukibadilisha kati ya karanga na samaki.

Kwa wageni wa jioni wanaokaa wakizungumza, kelewele na karanga. Kwa wageni wa mchana wanaokuja kula hasa, ampesi na kontomire, kwa sababu mchuzi unaweza kupikwa asubuhi na ndizi ikachemshwa wanapofika. Foutou isiwe chakula cha kwanza kumpikia mgeni. Ipike kwanza mara kadhaa kwa ajili ya watu wa nyumbani, mpaka mkono ujue donge likoje linapokuwa tayari.

Kwa aliye ughaibuni, ambako ndizi moja huuzwa kwa bei ya kuuma na mara nyingi hufika zikiwa za kijani, si lazima kuchagua pishi moja. Nunua 6 kwa pamoja. Chemsha 2 siku hiyo hiyo, choma 1 au 2 zitakapoanza kupata njano, kaanga zilizobaki madoa yakitokea, na kama moja itasahaulika nyuma ya kapu mpaka ikalainika, itakuwa tatale ya watu wawili asubuhi ya Jumapili.